Majalada ya Jaji Bracton

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa majaji na mahakimu, mawakili na wanafunzi wa sheria,

Mwaka 1258 jaji mmoja wa Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza aliamriwa kurudisha hazina majalada ya mahakama aliyokuwa akiyatunza. Majalada hayo hayakuwa ya kesi alizozisikiliza mwenyewe. Yalikuwa ya majaji wawili waliomtangulia: Martin wa Pattishall, aliyefariki mwaka 1229, na William wa Raleigh, aliyeuacha ujaji mwaka 1239 akaenda kwenye uaskofu. Aliyeamriwa kuyarudisha ni Henry wa Bratton, ambaye dunia ya sheria inamjua kwa jina la Bracton.

Anapotajwa siku za sherehe za mahakama hutajwa kwa sentensi moja tu, ile ya mfalme kuwa chini ya Mungu na chini ya sheria. Sentensi hiyo nitaifikia, maana haikwepeki. Lakini wanaoishia hapo wanamwacha Bracton mwenyewe nyuma. Kazi aliyoifanya ilianzia kwenye yale majalada.

Maisha yake yanaelezeka kwa ufupi. Alitoka Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, na alianza kama karani wa Raleigh, ambaye naye alikuwa mtu wa Devon. Ndivyo majaji walivyopatikana wakati huo: chuo cha sheria ya Kiingereza hakikuwapo, kijana alikaa miguuni pa jaji, akaandika kumbukumbu, akabeba majalada, na baada ya miaka kadhaa akawa anajua. Mwaka 1245 Bracton mwenyewe alikuwa jaji wa mahakama za mzunguko. Kuanzia 1247 hadi 1250, na tena kuanzia 1253 hadi 1257, aliketi katika mahakama iliyofuatana na mfalme, ambayo baadaye ndiyo iliyoitwa King's Bench. Kati ya kazi hizo, na baada yake hadi alipokufa, alizunguka Somerset, Devon na Cornwall akisikiliza mashauri ya ardhi. Kama majaji wengi wa zama zake alikuwa padri, na riziki yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye parokia alizopewa. Mwaka 1264 akawa chansela wa kanisa kuu la Exeter. Alifariki mwaka 1268 akazikwa humo.

Sasa turudi kwenye majalada, na hapa naomba tukae kidogo.

Jalada la mahakama la karne ya 13 ni vipande virefu vya ngozi ya kondoo vilivyoshonwa pamoja upande wa juu, vikaandikwa mbele na nyuma kwa Kilatini cha mkato. Pembeni mwa kila shauri karani aliandika jina la jimbo. Kisha yanafuata majina ya wadaawa, madai, majibu, walichosema watu walioapishwa, na uamuzi. Aliyeshindwa akipigwa faini, mkato wa neno la faini unawekwa pembeni ili watu wa hazina wasilazimike kusoma shauri zima. Jalada liliandikwa kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya uthibitisho kwamba shauri limekwisha. Kumfundisha mtu sheria hakukuwa lengo lake, na ndiyo maana mara nyingi sababu ya hukumu haimo. Unaona mdai ameshinda, lakini kwa nini ameshinda, hujaambiwa.

Kwa hiyo anayetaka kupata kanuni humo hawezi kusoma shauri moja akaridhika. Inabidi akusanye mashauri yanayofanana, ayapange, atafute ni kipi kilichobadilika pale ambapo matokeo yamebadilika. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Kipo kitabu cha mkono, leo kiko British Library mjini London, chenye mashauri karibu 2,000 yaliyonakiliwa kutoka majalada ya kati ya 1217 na 1240, kikiwa na alama na maelezo pembeni. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua ni cha nani. Mwaka 1884 Paul Vinogradoff, msomi wa Kirusi aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, alionyesha kwamba mashauri na maelezo yale ya pembeni yanaoana na kitabu kikubwa cha Bracton kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati nasibu. Frederic Maitland wa Cambridge akakichapisha mwaka 1887 katika juzuu tatu.

Kitabu kikubwa chenyewe kinahusu sheria na desturi za Uingereza, kimeandikwa kwa Kilatini, na kinataja mashauri yapatayo 500. Mpangilio wake wa juu, yaani watu, vitu na madai, umechukuliwa kutoka sheria ya Kirumi, na sehemu za mwanzo zimemfuata Azo, mwalimu wa Bologna. Nyama yake ni ya Kiingereza. Mwandishi anasema wazi kwa nini ameshika kalamu: kuna wapumbavu wasiosoma vya kutosha wanaopanda kiti cha hukumu kabla hawajajifunza sheria, wakahukumu kwa matakwa yao. Dawa aliyoiona ni kurudi kwenye hukumu za zamani za watu wa haki, na watu wa haki kwake ni Pattishall na Raleigh. Hukumu za miaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa jaji hazitajwi kwa wingi hata kidogo.

Jambo hilo lilimsumbua Samuel Thorne, mtafiti wa Kimarekani aliyekitafsiri kitabu hicho kati ya 1968 na 1977. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa iliandikwa miaka ya 1220 na 1230, Bracton akiwa bado karani au kabla hata ya hapo, na kwamba yeye alirithi muswada, akauongezea na kuurekebisha bila kuumaliza. Ni kweli haukumalizika: unakatika katikati ya mjadala wa hati ya haki ya ardhi, yaani amri ya maandishi ya mfalme ya kuanzisha shauri la nani mwenye haki ya ardhi. Mimi naona hoja ya Thorne ina nguvu. Na kama ni sahihi, haimpunguzii Bracton kitu. Kitabu hiki ni kazi ya vizazi vitatu vya mahakama moja: jaji, karani wake aliyekuja kuwa jaji, na karani wa karani.

Tuone kilichomo kwa mfano mmoja, ule uliojaza mahakama za mzunguko: mtu amefurushwa kwenye ardhi yake.

Dai hili lilianzishwa na Mfalme Henry wa Pili miaka ya 1160, na kufikia wakati wa Bracton lilikuwa na hatua zinazojulikana. Aliyefurushwa anakwenda ofisi ya mhuri ya mfalme kuchukua hati. Hati inamwambia sherifu, ofisa wa mfalme katika jimbo: fulani analalamika kwamba fulani amemfurusha, bila haki na bila hukumu, kwenye ardhi yake huru katika kijiji fulani, ndani ya muda wa ukomo. Mlalamikaji anaweka wadhamini kwamba ataendelea na shauri. Sherifu anarudisha mali inayohamishika iliyokuwa juu ya ardhi, anachagua watu 12 huru wa jirani, anawapeleka kuiona ardhi kwa macho yao, anaandika majina yao, na anawaita siku majaji watakapofika. Mlalamikiwa naye anaitwa, na asipopatikana anaitwa msimamizi wake.

Siku ya shauri wale 12 wanaapishwa na kuulizwa swali moja: je, huyu alimfurusha yule bila haki na bila hukumu? Ardhi ni ya nani kwa asili, nani alirithi kwa babu gani, hayo hayaulizwi. Hata mwenye ardhi wa kweli akimtoa mkaaji kwa nguvu, anashindwa, arudi baadaye na hati nyingine kudai haki yake. Bracton anamruhusu aliyefurushwa akiwa papo hapo kujirudisha mwenyewe ndani ya siku 4 hivi. Zikipita, mfurushaji naye amekwisha kuwa mkaaji, na njia iliyobaki ni mahakama.

Uzuri wa dai hili ulikuwa kasi yake. Katika mashauri makubwa ya haki ya ardhi mdaiwa alikuwa na msururu wa udhuru. Aliweza kutuma mtu aseme ameugua njiani. Aliweza kusema ameugua kitandani, na hapo mahakama ilituma watu wanne wenye cheo cha knight wakamtazame. Wakikuta ni ugonjwa wa kupita, wanampangia siku ya karibu. Wakikuta ni ugonjwa mzito, anapewa mwaka mmoja na siku moja, kisha ajibu shauri katika Mnara wa London. Akishapewa muda huo akaamka bila kibali na mpinzani akamnasa akizurura, aliweza kupoteza ardhi. Katika dai la kufurushwa mlalamikiwa hakuwa na udhuru wowote. Asipokuja, wale 12 wanasikilizwa vivyo hivyo.

Ni wapi liliharibika? Kwanza, kwenye hati yenyewe. Ukikosea jina la kijiji au jina la mtu, hati inaanguka na unaanza upya, na jaji wa mzunguko huenda asirudi jimboni kwako karibuni. Pili, ukomo haukuhesabiwa kwa miaka kama kwetu, ambako Tanzania na Kenya zote zina miaka 12 kwa dai la kurejesha ardhi. Ulihesabiwa kuanzia tukio, kwa mfano safari fulani ya mfalme kuvuka bahari, na tukio hilo likishawekwa kwenye sheria lilibaki pale pale huku miaka ikiyoyoma. Tatu, ardhi ilipaswa kuwa huru. Mtwana aliyefungwa kwa bwana wake hakuwa na mlango hapa, na hiyo ilikuwa sehemu kubwa sana ya wakulima wa Uingereza. Sifa za komoni loo, yaani sheria ya Kiingereza iliyokua kutokana na hukumu za mahakama, zinaposomwa, hilo husahaulika mapema mno. Nne, mpangaji wa ardhi kwa miaka maalumu naye hakulindwa, mpaka Raleigh alipomtungia hati yake. Ndiyo kusema mahakama iliona pengo, ikatengeneza chombo cha kuliziba, na kitabu kikaandika nani alikitengeneza.

Na wale 12 wakisema uongo? Mshindwa aliweza kuomba watu 24 waapishwe juu ya jambo lile lile. Hao wakisema kinyume, wale 12 wa kwanza wanakwenda gerezani na kupoteza mali yao. Ilikuwa rufaa inayompiga shahidi, ikamwacha jaji salama.

Kwa upande wa jinai, jambo lililodumu ni dhamira. Bracton, akichota kwa wanasheria wa Kirumi na wa kanisa, anasema kosa haliwi kosa bila nia ya kudhuru. Anatofautisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa ajali, na kwenye ajali anauliza tena: alikuwa akifanya jambo halali, na alichukua tahadhari inayostahili? Kuhusu mwendawazimu anasema hajui alitendalo na hayuko mbali na mnyama. Maneno hayo yalisikika tena katika mahakama za Uingereza karne ya 18, kabla ya majaji kuweka kanuni zao za mwaka 1843 baada ya kesi ya M'Naghten. Kanuni hizo ndizo zilizozaa kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 12 cha ile ya Kenya. Wakili anayetetea mshtakiwa mwenye maradhi ya akili Dodoma au Nakuru anatembea kwenye njia iliyopita kwenye kitabu hiki, ingawa imekunjwa mara nyingi njiani.

Sasa ile sentensi. Bracton anasema mfalme hapaswi kuwa chini ya binadamu, bali chini ya Mungu na chini ya sheria, kwa kuwa sheria ndiyo iliyomfanya mfalme. Mwaka 1607 Mfalme James wa Kwanza alidai kwamba, kwa kuwa majaji ni wajumbe wake, anaweza kuchukua shauri akalikata mwenyewe, maana na yeye ana akili kama wao. Jaji mkuu Edward Coke alijibu kwamba mashauri yanayogusa uhai na mali hayakatwi kwa akili ya kawaida, yanakatwa kwa akili ya sheria inayopatikana kwa kusoma na kuzoea kwa muda mrefu. Mfalme akaghadhibika: ina maana mimi niko chini ya sheria? Coke akamsomea Bracton. Hayo ni kwa taarifa ya Coke mwenyewe, na katika taarifa hiyo amesimama wima. Barua ya mtu wa wakati huo inasema alipiga magoti akiomba msamaha. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mwaka 1616 alifukuzwa kazi. Mwaka 1649, Mfalme Charles wa Kwanza aliposhtakiwa kwa uhai wake, rais wa mahakama ile, John Bradshaw, naye alimtaja Bracton.

Wanaomnukuu hivyo husoma nusu. Kitabu kile kile kinasema hakuna hati inayotolewa dhidi ya mfalme. Aliyedhulumiwa na mfalme anachoweza ni kuleta ombi, amsihi arekebishe. Mfalme akikataa, imtoshe adhabu ya Mungu inayomsubiri. Mfalme yuko chini ya sheria, lakini hakuna mtumishi wa mahakama atakayempelekea wito. Nusu hii ya pili nayo iliishi. Ndiyo ikawa utaratibu wa Kiingereza wa kuiomba serikali ruhusa kabla ya kuishtaki, na kwa njia ya ukoloni ukafika kwetu.

Tanganyika ilipokea komoni loo kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, na Kenya tarehe ya kupokea ni 12 Agosti 1897. Baada ya uhuru, sheria ya Tanzania ya mwaka 1967 kuhusu mashauri dhidi ya serikali iliendelea kumtaka raia apate kwanza kibali ndipo aishtaki serikali. Kibali kisipotoka, kesi haizaliwi. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani iliona kwamba sharti hilo linavunja haki ya kikatiba ya kufika mahakamani, kwa kuwa serikali, ambayo ndiyo mdaiwa, ndiyo iliyoshika ufunguo wa mlango, tena bila kulazimika kueleza kwa nini inakataa. Mwaka uliofuata bunge likaondoa kibali na kuweka notisi ya siku 90. Kenya nako, mwaka 2012, Mahakama Kuu iliukataa ulazima wa notisi ya siku 30 kwa msingi huo huo wa haki ya kufikia mahakama. Katika kesi hizi nusu moja ya Bracton imeishinda nusu yake nyingine, na imewachukua majaji miaka zaidi ya 700.

Kuna dai jingine linalohitaji kupunguzwa kidogo, kwamba Bracton ndiye baba wa kesi rejea, yaani hukumu ya zamani inayofuatwa katika kesi mpya. Hakuwahi kufundisha kwamba hukumu moja inamfunga jaji anayefuata. Mahakama za rufaa zenye ngazi hazikuwapo, wala ripoti za kesi zilizochapishwa. Na kama nilivyosema, aliona hukumu za majaji wa siku zake kuwa mbaya kuliko za zamani. Kufungwa nazo kungekuwa balaa kwake. Hukumu ilikuwa ushahidi wa desturi iliyo sahihi, na ushahidi huchujwa. Kesi mpya ikifanana na ya zamani, iamuliwe kwa mfano huo, na ikiwa ngumu kupita kiasi, ipelekwe mahakama kuu.

Hata hivyo uchujaji wake ulikuwa na mapungufu ambayo mwanafunzi mzuri anapaswa kuyaona. Yeye na waliomtangulia walichagua mashauri ya wakubwa wao wenyewe. Kila jaji alikuwa na jalada lake la kikao kile kile, na majalada hayo hayakulingana daima, kwa hiyo shauri linaweza kuwa na maneno mawili. Kisha wanakili walikiharibu kitabu. Yamebaki maandiko ya mkono yapatayo 50, na katika mengi maelezo yaliyokuwa pembeni yameingizwa ndani ya maandishi kana kwamba yalikuwamo toka mwanzo. Chapa ya kwanza, ya Richard Tottell mwaka 1569, ilitoka kwenye maandiko ya namna hiyo.

Kwa hiyo kwa wale kati yenu watakaotaka kumtaja Bracton kwenye hoja za maandishi, hesabu ya kurasa inayofuatwa ni ya chapa hiyo ya 1569. Maneno ya mfalme kuwa chini ya Mungu na sheria yako karatasi ya 5, upande wa nyuma. Karatasi ya 34 kuna maneno makali zaidi, yale yanayosema mfalme ana wakubwa watatu, Mungu, sheria na baraza lake la makabaila, na kwamba akikosa hatamu wao ndio wamtie hatamu. Hayo ndiyo Bradshaw aliyoyahitaji mwaka 1649. Lakini hayamo katika maandiko yote ya mkono, hayakubaliani na kurasa nyingine za kitabu kuhusu mfalme kukosa mshitaki, na wataalamu bado wanabishana kama ni ya Bracton au yaliongezwa na mkono mwingine. Ukiyatumia, liambie benchi hilo mapema, kabla wakili wa upande wa pili hajasimama.

Ahsanteni.